Eti Tumpunguze Mpiga Besi!

Mfyuu! Niacheni nisonye kwanza, kahawa nitakunywa baadaye. Kuna kamati ya harusi imekaa hapo Mwananyamala, katibu na daftari lake, mweka hazina na kikokotoo cha simu, na bajeti imewashinda. Ahadi nyingi, taslimu kiduchu. Michango ya harusi mnaijua wenyewe. Ikabidi wapunguze. Keki ya ngazi tano haikuguswa. Maua ya plastiki yanayokodishwa kwa bei ya maua ya shambani hayakuguswa. Gari refu jeupe la kumtoa bibi harusi saluni, umbali ambao angeutembea viatu mkononi na akafika kabla ya msafara, nalo halikuguswa. Walichoona kinapunguzika ni mpiga besi.

Siyo bendi, nisikilizeni vizuri. Bendi waliitaka, maana baba wa bwana harusi ni mtu wa dansi tangu enzi za DDC Kariakoo, na alishaapa kwamba harusi ya mwanawe haitachezeshwa na kompyuta. Basi mwenyekiti akampigia simu kiongozi wa bendi, akaweka sauti ya nje kamati nzima isikie.

"Mdogo wangu, mpo wangapi?"

"Saba, mzee."

"Hamwezi kuja sita?"

"Tumwache nani, mzee?"

Hapo ndipo mama mmoja mjumbe, mtu wa heshima zake, mtu wa vikoba, akadakia: "Yule wa gitaa refu anayesimama nyuma karibu na drams. Yule hasa anafanya nini? Hata haimbi." Na kijana wa kamati, anayejua kila kitu kwa sababu ana intaneti, akaongeza kwamba kinanda cha kisasa kina besi ndani yake, mpiga kinanda anaweza kuipiga kwa mkono wa kushoto, hiyo nyingine ni kulipa watu wawili kazi moja.

Kiongozi wa bendi alikuwa na kodi ya nyumba inamsubiri. Mwenye njaa hana miiko. Akakubali.

Mimi nilikwenda kwenye hiyo harusi, nilikuwa na kadi ya mtu mmoja. Mpaka chakula kinaisha kila kitu kilikwenda vizuri, kwa sababu wakati wa kula watu wanasikiliza vijiko. Halafu ikafika zamu ya kucheza. Wimbo ukaanza taratibu, waimbaji wakamwaga mashairi, wazee wakatoka na wake zao kiunoni. Wimbo wa dansi, kama hujui, una nyumba mbili: mwanzo unaimbwa kwa utulivu, hadithi inasimuliwa, kisha unafunguka, magitaa yanashikana, watu wanaingia kwenye chemko. Na chemko ndiyo saa ya besi. Basi walipofika hapo, yule wa kinanda akahitaji mkono wa kulia upige tarumbeta na wa kushoto upige besi. Mkono wa kushoto ukaanza kwa nguvu, ukachoka, ukapotea. Ukarudi. Ukapotea tena. Waliokuwa wanacheza wakabaki wamesimama na mabega yao, miguu haijui iende wapi. Wimbo wa pili nusu walikaa. Wimbo wa tatu mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema wageni wamechoka kwa safari, tumruhusu didjei. Safari gani, mfyuu! Watu wametoka Kijitonyama. Didjei akaweka wimbo ule ule, wa kwenye santuri, wenye besi yake, na hao hao waliochoka wakainuka kama walioitwa.

Nimelileta hapa kijiweni kwa sababu fundi redio wetu yupo, na mpiga besi mwenyewe yupo, ndiyo yule pale anayeshindwa drafti na anajifanya hajasikia.

Fundi redio akasema msiilaumu kamati peke yake, laumuni simu. Nikamwambia mzee, simu imeingiaje? Akatoa simu ya kijana wa bodaboda, akaweka wimbo wa zamani wa bendi ya Msondo, akasema sikilizeni, besi iko wapi? Tukatega masikio. Solo tunaisikia. Ridhimu tunaisikia. Tarumbeta zinatoboa. Besi, kimya, labda kagugumio fulani hivi. Akasema uzi mnene wa gitaa la besi, ukiupiga bila kuubana popote, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Kusukuma hewa kwa mwendo huo wa taratibu kunataka spika pana, ya inchi kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Spika ya simu haifiki hata upana wa ukucha wa kidole gumba. Kinachotoka ni vijisauti vya juu vya ule uzi, na sikio, kwa ujanja wake, linajaziliza chini lenyewe. Ambaye sikio lake liliwahi kusimama mbele ya spika ya kweli linajaziliza vizuri. Aliyezaliwa na simu mkononi hana cha kujaziliza. Kwake yeye besi haijawahi kuwepo. Sasa mtoto huyo amekua, amekuwa mjumbe wa kamati, anauliza yule wa nyuma anafanya nini.

Tukanyamaza kidogo. Fundi akipiga hesabu zake huwa anakera kwa sababu yuko sahihi.

Mzee wetu mmoja wa Unguja, yule anayekuja na bakora na kofia yake ya vito, akacheka akasema kwao hilo haliwezekani. Harusi ya kidumbak ina fidla, ina vidumbak viwili, ina cherewa na mkwasa, na ina sanduku. Sanduku ni sanduku kweli, lile la majani ya chai, limepinduliwa, limefungwa kijiti na uzi mmoja. Mpigaji anakisukuma kijiti huku na huku, uzi unakazika na kulegea, sauti inapanda na kushuka, na yeye anaudonoa. Uzi mmoja! Hiyo ndiyo besi yao. Akasema ukienda kwenye shughuli Unguja ukamwambia kiongozi wa kidumbak aache sanduku nyumbani, akina mama watakuuliza umetoka bara gani wewe. Wanaojua kukata viuno wanajua kinachokata viuno. Na hata taarab ile kubwa, ya Ikhwani Safaa waliopo tangu 1905, na ya Culture Musical Club, jukwaani limesimama lile fidla kubwa linalozidi urefu wa mtu, kazi yake hiyo hiyo. Tumetoka huko kote, tukafika Mwananyamala, tukasema mkono wa kushoto unatosha.

Nikawafanyia mtihani mdogo. Nikasema nani haujui "Sina Makosa" wa Les Wanyika? Hakuna. Hata muuza kahawa anaujua, na hajafika miaka ishirini na tano. Haya, uimbeni. Wakaimba, na msikie maajabu: baada ya kuimba maneno kidogo, watu watatu kati yetu waliacha maneno wakawa wanaimba besi. Dum, dum-dudum, kwa midomo! Wimbo wa mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi iliyomeguka kutoka Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978, vijana wengi wa Kitanzania, na mpaka leo midomo inaidai besi. Nikauliza, nani aliyeipiga? Wakanitajia John Ngereza. Ngereza ni mwimbaji na gitaa. Wakanitajia Omari Shabani. Profesa huyo, mtu wa ridhimu. Nikauliza besi jamani, besi mliyokuwa mnaiimba sasa hivi! Wakatazamana. Ni Tommy Malanga. Afrika Mashariki nzima inaimba alichokipiga yule bwana, na ukilitaja jina lake watu wanadhani ni mbunge.

Hapo mpiga besi wetu akainua kichwa kutoka kwenye drafti kwa mara ya kwanza. Akasema, "Na Computer je?" Akarudi kwenye kete zake. Alimaanisha marehemu Suleiman Mwanyiro, mtu wa besi wa Msondo, waliyemwita Computer enzi ambazo kompyuta yenyewe wengi hatujaiona. Wenzake jukwaani wakati wake ni watu ambao ukitaja majina yao barabarani mtu anasimama: Gurumo, TX Moshi William. Computer anajulikana na wapiga besi. Wanaambizana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa tuje kwenye fedha, maana kijiwe bila fedha ni msikiti. Muziki wetu wa dansi una desturi ya kutunza. Umependa wimbo, unatoka kwenye kiti chako, unakwenda na noti yako mbele ya watu, unambandika mwimbaji kipajini, jasho linashika noti, watu wanashangilia. Ni desturi nzuri, na nani haipendi? Lakini angalieni jiografia yake. Mwimbaji yuko mbele. Wanenguaji wako mbele. Solo, akiwa anajua kujitangaza, anasogea mbele anapiga magoti. Mpiga besi yuko nyuma, kushoto kwa drams, kwa sababu lazima asikie mguu wa mpiga drams unavyogonga ngoma kubwa. Yeye na mguu ule ni ndugu wa tumbo moja, wakiachana bendi imekufa. Mlevi gani atavuka nyaya zote zile, apite katikati ya tumba na spika, kwenda kumbandika noti? Na akifika, jamaa mikono yote miwili ina kazi. Kwenye baadhi ya bendi tunzo inakusanywa inagawiwa, kwenye nyingine aliyepewa kapewa, na huko ndiko zinakotokea zile nunanuna za saa tisa usiku nyuma ya ukumbi.

Wazee wanasema zamani haikuwa hivi, na kwa mara moja wazee hawatudanganyi. Angalieni bendi zilivyokuwa za nani. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi. Ikaja kuitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, leo Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, Magereza, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Bima, hadi UDA wa mabasi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi, ikaja kuwa ya DDC. Mpiga besi alikuwa mfanyakazi. Tarehe ikifika anapanga foleni ya mshahara pamoja na mwimbaji, pamoja na karani. Sawa, mshahara wenyewe haukuwa wa kujengea ghorofa, na gitaa halikuwa lake. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na kauli. Ukiudhi, unatoka mikono mitupu na kipaji chako. Hata hivyo kulikuwa na karatasi yenye jina lako na kiasi. Leo mashirika yamejitoa, bendi inapiga kwenye baa kwa makubaliano na mwenye baa, kiingilio wakati mwingine kipo, wakati mwingine kinywaji ndiyo kiingilio, na mpiga besi anaishi kwa posho ya onyesho. Mvua ikinyesha, hakuna watu. Yanga na Simba zikicheza usiku, hakuna watu. Umeme ukikatika na mwenye baa akaona mafuta ya jenereta yanazidi mauzo, mnaambiwa vijana tuonane wiki ijayo.

Halafu kuna suala la mtunzi, na hapa ndipo ninaposonya mara mbili. Mnajua wimbo wa dansi unavyotengenezwa? Mwimbaji anakuja mazoezini na maneno na sauti yake. Basi, ni hivyo tu. Solo anatafuta yake, ridhimu anatafuta yake, besi anatafuta yake, wanahangaika jioni tatu nne kwenye ukumbi wenye joto mpaka vitu vinakaa. Ile besi mliyokuwa mnaiimba kwa midomo hakuna mtu aliyempa Malanga kwenye karatasi. Lakini siku ya kuandikisha, wimbo umetungwa na fulani, na fulani ni mwimbaji. Sheria ya mwaka 1999 inataja hakimiliki na inataja pia hakishiriki, yaani haki ya wapigaji na waimbaji kwa kile walichokipiga, na COSOTA ya kuzisimamia ipo. Nendeni mkawaulize wapiga besi watano wa mjini hapa kama wana karatasi ya wimbo wowote. Mimi nimemuuliza mmoja, yule pale. Akaniuliza kama nina kiberiti.

Sijui niseme ni mvumilivu au ni mjinga. Siku moja nimepita kwake asubuhi, Jumamosi, nikakuta sufuria jikoni kwenye mkaa, maji yanatokota, nikadhani chai. Nikachungulia. Nyuzi! Kachemsha nyuzi za gitaa. Nne, zimejiviringa humo kama tambi, na maji yamekuwa ya rangi ya dagaa waliooshwa. Shemeji amesimama mlangoni mikono kiunoni, anasema hiyo ndiyo sufuria yangu ya wali, naomba uandike mahali. Jamaa akaeleza: uzi wa besi umezungushiwa waya mwembamba, na katikati ya mizunguko ile jasho na mafuta ya vidole na uchafu wa ukumbi vinajikusanya mpaka uzi unakuwa bubu, unatoa kishindo tu, hautoi noti. Ukiuchemsha, unaachia. Unaufuta, unaukausha, unaurudisha, unapata maonyesho mawili matatu ya sauti ya kung'aa kabla haujafa tena. Seti mpya ya maana inakula posho ya wikiendi nzima na nauli yake. Basi anachemsha. Ameshazichemsha zile mpaka hakumbuki. Akazitoa kwa uma, akazitandaza juu ya taulo, moja moja, akizipangusa kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini, na niliona vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati: nchani vina sugu ngumu ya manjano, kiasi kwamba uma wa moto hakuusikia.

Gitaa lenyewe ni la aina ile yenye betri ya volti tisa mgongoni. Usiku mmoja katikati ya chemko betri ikaisha, besi ikaanza kukoroma, ikazimika. Kosa lilikuwa la kijana wa vyombo aliyeacha jeki imechomekwa tangu mazoezi ya mchana. Ikichomekwa, betri inaliwa hata kama hakuna anayepiga. Kiongozi wa bendi alimgeukia nani kumkemea mbele ya watu? Si kijana wa vyombo. Kumbe siku wanapogundua kwamba upo ni siku uliyonyamaza.

Na kusafiri nalo! Jaribuni kupanda mwendokasi saa kumi na moja jioni pale Kimara na gitaa la besi mgongoni. Shingo yake ni ndefu kuliko ya gitaa la kawaida, inachomoza juu ya kichwa. Ukigeuka kumpisha mama, umempiga baba. Kwenye daladala konda anakuuliza hilo jeneza la nani, kisha anataka lilipiwe. Kurudi usiku wa manane ni bodaboda, gitaa limekaa katikati yako na dereva au mgongoni, na kila mti wa barabarani wenye tawi la chini unaujua kwa jina.

Jumamosi anaingia kulala saa kumi alfajiri. Jumapili saa mbili na nusu yuko kanisani, shati jeupe limepigwa pasi, anapiga besi ya kwaya. Msicheke. Kanisa ndilo linalolisha besi ya mji huu kwa sasa. Kanisa lina vyombo vizuri, lina amplifaya haijashonwa koni, lina umeme wa akiba, na kuna mtu amepewa kazi ya kuhakikisha nyaya zinakunjwa. Vijana wapya wote wanaopiga besi kwenye mahoteli ukiwauliza walijifunzia wapi, watakutajia usharika. Mchungaji anajua jamaa ametoka wapi usiku, naye anajua kwamba mchungaji anajua, na wanapeana mikono vizuri tu. Bendi za dansi zikipumzika mwezi wa Ramadhani, kumbi zinakuwa kimya, wenzake wanakaa nyumbani kusubiri Idd ili wafungue kwa kishindo. Yeye kwaya inamshikilia. Na mpiga tumba wao, Muislamu swafi, alishaniambia kwa wivu wa wazi kwamba dini yake haikumfikiria kwa upande huo.

Kuna wakati nilimuuliza kwa nini asijifunze solo, asogee mbele, apate na yeye noti kipajini. Siku hiyo alijibu, na jibu lake sikulipenda lakini nalileta hapa. Alisema mwimbaji akigombana na bendi ameondoka, na akiondoka amekuwa adui. Akanikumbusha 1985, Mlimani Park, ndio hao Sikinde, walipobomolewa, mzee Gurumo na Abel Balthazar wakachukuliwa pamoja na wenzao kwenda bendi ya OSS, mji mzima ukagawanyika kama mpira. Mpiga besi hagombaniwi namna hiyo, alisema, anaazimwa. Mpiga besi wa bendi ile akiumwa, anapigiwa yeye simu saa kumi jioni: njoo utupigie deiwaka. Anakwenda. Hawafanyi mazoezi, kwa sababu nyimbo zao zote anazijua. Miaka yote alipokuwa anasimama nyuma hakuna aliyemsemesha, basi alikuwa anasikiliza. Anazijua nyimbo za bendi nne. Anajua pa kuingia na, alisema, anajua zaidi pa kunyamaza, kwa sababu rumba haitaki besi ijaze kila mahali. Inataka igonge, iache tundu, mchezaji atie mguu wake hapo. Waimbaji wa bendi hizo nne hawasalimiani. Yeye anakula kwa wote.

Nikasema hiyo ni akili ya mtumwa. Akasema sawa, nipe mimi hiyo kahawa yako basi.

Wakati huo huo dunia haimsubiri. Kijana wa bodaboda akadai besi haijafa, si mnasikia amapiano, ile ngoma ya chini inayogonga mbavu? Ndiyo, tunaisikia, hadi bongo fleva sasa inaivaa. Wasauzi wameirudisha besi mbele ya muziki mpaka inaimba yenyewe. Ila haina mtu. Imetoka kwenye kompyuta ya prodyuza. Singeli ya Tandale na Manzese nayo inakwenda mbio kiasi kwamba vidole vya binadamu vingewaka moto. Kule ni kompyuta tangu mwanzo na hawakumdanganya mtu. Besi ipo tele mjini, mpiga besi ndiye anayetafutwa. Na pale inapoonekana kuwa na mwenyewe, inaonekana kwa ubaya: NEMC, wale watu wa mazingira, waliposhikia bango kelele za baa, majirani walilalamikia nini? Siyo mashairi. Mashairi yanaishia ukutani. Sauti nene haijui ukuta, inapita tofali, inapita mlango, inafika kitandani kwa mtu inatikisa glasi ya maji. Mwenye baa akiambiwa apunguze, anamwonyesha nani kidole? Kwa hiyo jamani kwenye tunzo hayupo, kwenye hakimiliki hayupo, kwenye faini yupo mstari wa mbele. Mfyuu!

Basi maneno yangu yakamwingia kijana wa bodaboda. Akasema Jumapili hii kwenye bonanza yeye atakwenda kumtunza mpiga besi, na hatampa buku mbili, atampa msimbazi mzima, mwekundu, mpya. Tukasema thubutu. Akasema mtaona.

Tukaona. Wimbo ulipofunguka kijana akainuka, noti juu, mwimbaji akamuona kwa mbali akaanza kumsogelea na kipaji chake kimeshainama tayari. Kijana akampita! Ukumbi ukapiga ukelele. Mwimbaji akabaki ameinama. Kijana akaruka waya wa kwanza, akakanyaga wa pili, kinanda kikakata sekunde mbili kikarudi, akazunguka tumba, akamfikia jamaa. Jamaa alipomuona akatikisa kichwa, ana maana usinisumbue tunabadilisha hapa. Kijana akambandika. Jamaa alikuwa amejifuta uso dakika hiyo hiyo, kipaji kikavu. Noti ikateleza, ikapita puani, ikapeperuka kwa feni hadi mbele ya jukwaa. Mnenguaji mmoja akaiona, akashuka nayo kiuno kwa kiuno bila kukosa mdundo hata mmoja, mdundo ambao jamaa ndiye aliyekuwa anautengeneza, akaiokota kwa vidole viwili na kuichomeka pale wanapochomeka wao. Makofi mpaka nje.

Kijana alimfuata baada ya onyesho kudai irudi kwa mwenyewe. Dada akamtazama kuanzia kwenye ndala hadi kwenye helmeti, akamwambia, kaka yangu, ulimtunza yeye au uliniangushia mimi?

Na kamati ya ile harusi bado inadaiwa elfu hamsini na mwenye maua.